Rezo ikikatwa, tutaongea namna gani?

Haya ni maneno tuliyoyatoa mbele ya vijana wa komine ya Vulamba, hapa Butembo, Jumamosi baada ya salongo. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, na mwishoni tumeweka maulizo machache ya watu.

Wandugu na wadada, wazazi wetu mulioketi kule nyuma, wanafunzi, na wamotari mulioacha kazi saa hii ili mutusikilize: wasingya. Leo hatukuja na bandarole wala tangazo la maandamano. Tumekuja na mashini hizi saba munazoziona hapa mezani, na moja wapo haina klavie nzima.

Tuanze na kitu ambacho kila mutu hapa anakumbuka. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, CENI ilitangaza kwamba sisi wa Beni na Butembo hatutachagua rais pamoja na inchi nzima. Sababu iliyotolewa ilikuwa Ebola na usalama. Raia zaidi ya milioni moja tukawekwa kando. Wengine walichagua tarehe 30, na kesho yake intaneti ikakatwa inchi nzima. Ilirudi karibu siku 20 nyuma, mwezi wa kwanza 2019. Kumbukeni tulikuwa wapi siku zile: tulikuwa katikati ya Ebola. Mutu alikuwa anapaswa kujua ni kartie gani imepata mgonjwa, na maneno gani ni ya kweli, na maneno gani ni uvumi wa barabarani. Rezo hakuna.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi na mbili 2011, nyuma ya uchaguzi, walikata SMS. Mwezi wa kwanza 2015, watu walipokuwa barabarani Kinshasa juu ya sheria ya uchaguzi, walikata intaneti. Mwishoni mwa 2017, juu ya maandamano ya Wakatoliki, wakakata tena. Kwa hiyo hakuna mutu anaweza kutuambia kwamba ni ajali. Ni kitu kinachorudi, sawa mvua, na mutu mwenye akili anatengeneza paa mbele ya mvua.

Sasa tuwaambie haya yetu. Katika siku zile 20, sisi tulikuwa na ordinatere tatu ndani ya nyumba moja. Tatu! Mmoja wetu alikuwa anaandika ripoti katika chumba cha mbele, mwingine alikuwa anaisahihisha katika chumba cha nyuma. Na ile ripoti ilipita kwa flashi, mkononi, kila saa mtu anasimama anatembea hatua kumi. Flashi ikashika virusi, fishie zikageuka alama ambazo hakuna mutu anasoma. Wakati huo hatukuelewa jambo hili ambalo leo linatuchekesha: mashini mbili ziko chini ya paa moja, lakini ili moja iambie ingine neno, lile neno linapaswa kutoka Butembo, liende mpaka Ulaya ama Marekani kwa mashini za kampani, kisha lirudi kwenye meza ya jirani. Nani aliamua hivyo? Hakuna mutu alituuliza.

Jambo la pili ni chungu zaidi, tutalisema haraka. Miaka fulani nyuma, telefone ya mwandishi wetu ilichukuliwa. Walioichukua hatuwataji hapa. Ndani yake kulikuwa kila kitu: grupu yetu, majina ya wanamemba, namba za wamama waliokuwa wametuambia mambo waliyoyaona upande wa Beni. Kila kitu katika kifaa kimoja, na neno la siri lilikuwa mwaka wa kuzaliwa. Hakuna tekniki itatuondolea aibu hiyo. Kosa la kuweka vyote mahali pamoja lilikuwa letu.

Hapo njo tulianza kutafuta. Na tulikutana na mafundi wa hapa Butembo, wale wa sekretaria publiki, wanaopiga mashini na kuchapa makaratasi ya watu. Munajua nyuma ya kila sekretaria kuna rundo. Mashini za okazio zilizochoka, zilizoletwa na wafanyabiashara wetu kutoka Dubai ama China, zikapita Mombasa, Kampala na Kasindi. Zinalala pale na vumbi. Wakatupatia tano kwa bei ya kusukuma mukono, mbili tulizitoa kwa wazazi wetu.

Kwa nini zilitupwa? Sikilizeni vizuri, juu watu wengi wanafikiri ordinatere inazeeka sawa gari, injini inakwisha. Mara nyingi si hivyo. Mashini inabaki ileile, ni programu njo zinanenepa. Windows XP iliachwa na wenyewe tarehe 8 mwezi wa nne 2014. Windows 7 iliachwa mwezi wa kwanza 2020. Windows 10 nayo, tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Na ile mpya, Windows 11, inadai memwari ya 4 GB na kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, ambacho mashini nyingi za okazio za soko letu hazina. Basi mashini nzima, yenye ekra nzuri, inaitwa takataka juu ya karatasi ya masharti iliyoandikwa mbali.

Programu za kuongea ni vilevile. Signal tunaiheshimu sana, tunaitumia kwa telefone, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila fundi. Lakini ile yake ya ordinatere imejengwa kwa njia inayoitwa Electron: ndani ya programu kadogo ka kutuma ujumbe wameweka navigatere nzima, sawa mutu anayebeba nyumba ili apate mahali pa kutundika kofia. Mashini ya 1 GB inalia. Na mashini ya zamani zaidi, zile za biti 32, haiwezi hata kuiweka. Telegram ya ordinatere nayo, ile sehemu iliyo kwako iko wazi, kila mutu anaweza kuisoma. Lakini servere, mahali ujumbe wako unalala, imefungwa. Munaelewa tofauti? Mlango wa nyumba yako unaujua, ila hujui sanduku la posta liko na nani.

Sasa tufike kwa hizi saba. Ya uzee zaidi ni ya mwaka 2005, memwari yake ni 512 MB. Smartifone ya bei ya chini munayoshika leo inaishinda. Tumeweka ndani yake antiX, ambayo ni Linux iliyotengenezwa kwa ajili ya mashini za namna hii. Zingine tumeweka Debian 12 na ekra nyepesi. Angalisho kwa wale wanaotaka kujaribu: Debian 13, iliyotoka mwezi wa nane 2025, haina tena namna ya kuiweka kwenye mashini ya biti 32. Kwa hiyo kama mashini yako ni ya zamani hivyo, usipoteze mega kuivuta; baki na 12 ama antiX.

Kisha tukaweka Pidgin. Hii programu ilianzishwa mwaka 1998 na mwanafunzi mmoja wa Marekani, Mark Spencer. Wakati ule iliitwa Gaim, jina likabadilika mwaka 2007. Kwenye mashini yenye nguvu kidogo zaidi tumeweka Gajim. Zote mbili ni programu huru: waliozitengeneza wametoa na maandishi ya ndani, fundi yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumgawia jirani bila kulipa franka moja wala kuomba ruhusa.

Zote mbili zinajua kusema lugha moja inayoitwa XMPP, zamani Jabber, iliyotangazwa na Jeremie Miller mwanzoni mwa 1999. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawajui. WhatsApp yenyewe, ilipoanza 2009, ilijengwa juu ya servere huru ya XMPP. Walichukua lugha ya wazi, ambayo kila mutu angeweza kuisema na kila mutu, wakaibadilisha kidogo kidogo, wakafunga mlango. Mwaka 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola milioni elfu 19. Ile mbegu ya bure iko pale chini mpaka leo. Sisi tumerudi tu kuchukua mbegu.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Laptopu moja, ile isiyo na klavie nzima, njo servere yetu. Ndani yake kuna Prosody, programu kadogo ka servere kanakokula memwari kidogo sana. Laptopu ya zamani inafaa kazi hiyo juu iko na batri yake: umeme ukikufa, posta haifi, hata kama ni dakika 30 tu. Kisha kuna rutere ya wifi ya okazio, ile ambayo mutu alituuzia bila sharjere. Rutere haijaunganishwa na kampani yoyote. Hakuna initi, hakuna forfe, hakuna mega. Mashini zingine zinashika wifi hiyo na zinaongea. Ujumbe unatoka meza hii unafika meza ile, haupiti mahali pengine. Telefone nazo zinaweza kuingia, ziko na programu zake huru za XMPP, tutawaonyesha.

Siku ya kwanza haikuenda. Tuseme ukweli, tulipoteza nusu ya siku, na mwenzetu mmoja alikasirika mpaka akaenda zake kula sombe. Mashini tatu zilikataa kabisa kuingia kwa servere. Neno la siri ni sawa, wifi ni sawa, lakini zinasema kwamba cheti cha usalama ni kibaya. Tukaangalia nyaya, tukaweka programu upya mara mbili. Mwishoni ni msichana wa kidato cha tano aliyeangalia saa pembeni ya ekra: ilikuwa imeandika mwaka 2002. Ndani ya kila ordinatere kuna kabatri kadogo ka mviringo, CR2032, kanakotunza saa wakati mashini imezimwa. Kakikufa, mashini inaamka ikifikiri tuko miaka ya zamani, na cheti kilichotengenezwa juzi kinaonekana kwake sawa kitu ambacho bado hakijazaliwa. Inakataa, na iko na haki. Tulinunua tubatri tutatu kwa fundi wa saa. Kabla ya kutukana Linux, angalieni saa.

Sasa umeme, juu tunajua mumeshaanza kujiuliza. Butembo ilikaa miaka na miaka bila umeme wa serikali, kila duka na jenereta yake, kila nyumba na kelele yake. Mashini za mezani zenye ekra ya mgongo mkubwa tuliziacha, zinaweza kukula wati 150 na zaidi. Laptopu ya zamani inakula kama 25. Chukua batri moja ya solere ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwa karatasi ni wati-saa 1200, lakini batri ya risasi usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae miaka, kwa hiyo hesabu 600. Konvertisere nayo inakula yake, baki na karibu 500. Laptopu tatu na rutere ni kama wati 83. Inatoa saa sita. Asubuhi yote ya kazi, bila esanse. Na tuseme hapo hapo: batri ikikufa, tusiivunje nyuma ya nyumba sawa tunavyoonaka. Ile risasi inaingia ndani ya udongo ambamo mama anapanda maharagi.

Kuna wenzetu walioniuliza, samahani, waliotuuliza, kama tunataka watu waache WhatsApp. Hapana. Mama zetu wako pale, wateja wako pale, ndugu wa Kampala na wa Ulaya wako pale. Tunachosema ni kwamba mutu asiwe na mlango mmoja tu. Na tunasema pia mipaka ya hiki kitu, juu hatupendi kuwauzia watu dawa ya magonjwa yote. Hii wifi yetu inafika ukuta wa pili, na ikibahatika, ukumbi wa jirani. Haifiki Oicha. Haifiki hata upande wa pili wa Butembo, isipokuwa mutu abebe laptopu mgongoni. Intaneti ikiwepo, servere kama yetu inaweza kuongea na servere zingine za XMPP duniani, na hapo ujumbe unakwenda mbali. Ikikatwa, tunabaki na kartie. Lakini kartie njo mahali ambapo Ebola ilishindwa, na kartie njo mahali ambapo mutu anajua nani ametoweka.

Juu ya siri: Gajim iko na OMEMO, ambayo inafunga ujumbe kiasi kwamba hata yule mwenye servere hawezi kuusoma. Pidgin inaongezewa OTR, ambayo iko tangu 2004. Disiki nzima tunaifunga kwa neno la siri refu wakati wa kuweka Debian; kwa mashini ya zamani inapunguza mwendo kidogo, na ni bei tunayokubali kulipa. Ila mashini iliyowashwa, imefunguliwa, ikishikwa hivyo, hakuna OMEMO itasaidia. Kwa hiyo majina ya watu waliotuamini hayaingii humu hata kidogo mpaka tujifunze vizuri. Tumeshalipa ada ya shule hiyo mara moja.

Kijana mmoja alituambia: munaleta takataka za wazungu, munaziita maendeleo. Tulimpenda juu alisema wazi. Tulimjibu hivi: takataka ilishafika, iko nyuma ya sekretaria, imelala. Swali ni nani ataiamsha. Na tena, hivi vitu vyetu havikuanzia kwa mashini kubwa. Mwaka 1988, mwezi wa nane, kijana wa Finland, Jarkko Oikarinen, alitengeneza IRC, vyumba vya kuongea kwa maandishi tupu. Mashini za wakati ule zilikuwa na memwari ambayo leo hata saa ya mkono ingeicheka. Miaka mitatu nyuma, mwezi wa nane 1991, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali Moscow, watu walipitisha habari kwa IRC hiyohiyo. Maneno tupu, bila picha, bila sauti. Ujumbe wa mistari miwili ni mwepesi. Kilicho kizito ni matangazo na video tunazobebeshwa pamoja nao.

Na lugha? Mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yote kwa Kiswahili. Waliweza juu programu ilikuwa wazi. Hawakungoja kampani ione kama Waswahili ni soko. Sisi hapa tumeanza kadaftari: kila neno la ekra, tunaandika Kiswahili chetu cha hapa na Kinande pembeni. Tumefika maneno karibu 60. Wazee wanabishana juu ya neno la «servere», na wako na haki ya kubishana, hatutawaharakisha.

Sasa maulizo mliyotoa.

Mama mmoja aliuliza kama watoto wataangalia mafilme usiku badala ya kusoma. Mama, kwa mashini ya 2005 filme inakatakata mpaka mtoto mwenyewe anazima. Ila hizo zingine mbili, ndiyo, zinaweza. Tutaweka Kiwix ndani, Wikipedia inayosomeka bila intaneti, na tutaweka ratiba. Kama ratiba haiheshimiwi, mutuambie.

Mwalimu mmoja aliuliza kama hatutashikwa juu ya kuwa na servere. Ni ulizo la kweli: tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Katiba ya inchi, artikle 31, inalinda siri ya barua na ya mawasiliano ya kila mutu. Tumeichapa, iko ukutani pembeni ya rutere. Hatusemi karatasi inazuia mukono wa mutu. Tunasema kwamba hatufanyi kazi hii gizani: mlango uko wazi, jirani anaingia, anaona.

Mumotari mmoja aliuliza kama anaweza kuleta mashini ya marehemu kaka yake, ambayo haijawaka tangu 2017, na ndani kuna picha za harusi. Lete, ndugu. Hatutagusa disiki mbele ya kuzitoa picha na kukupatia kwa flashi. Kisha wewe mwenyewe utaamua kama mashini inabaki hapa ama inarudi nyumbani.

Jumamosi ijayo, mahali hapahapa, kuanzia saa nne. Mwenye laptopu aje na sharjere yake, hata iliyofungwa na utepe. Mwenye fundi ndani ya familia aje naye. Tunahitaji tubatri twa CR2032, tuwili ama tutatu, na klavie moja ya USB kwa ile servere, juu herufi «a» na «n» zimekufa na jina la Vulamba tunaliandika kwa taabu.